Nilimwambia Dada Yangu Masikio Yake Yanakufa

Shangazi Idda, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Makambako, nina miaka thelathini na minne, nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mke wangu wala mchungaji, limenikaa kifuani tangu mwezi wa tatu na kila nikimwona dada yangu natamani ardhi ipasuke niingie.

Dada anaitwa Ema, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, akalima viazi akanisomesha, na tangu nikiwa mdogo yeye ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu ya Kilutheri, hata msibani watu hawaanzi wimbo mpaka Ema aanze. Mimi narekodi muziki nyumbani, chumba kimoja nimetundika mablanketi ukutani, nina kompyuta, kinanda na maiki moja, na kwaya wakanipa kazi ya nyimbo zao kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Sauti ya tatu na ya nne wakaja wakaimba vizuri kabisa, kisha panya wakatafuna waya wa hedifoni zangu, nikaenda Njombe mjini nikanunua zile zisizo na waya, nyeusi, nzuri, nikajiona nimeendelea, na mtu wa kwanza kuimba akiwa amezivaa akawa dada Ema.

Shangazi, akachelewa. Nikamrudisha, akachelewa tena, kila neno linakuja nyuma ya biti, yale mapigo ya muziki ninayompigia kwenye hedifoni, tukarudia mara kumi na nne huku wanakwaya wamejaa sebuleni wanasikia, dada anatokwa na jasho licha ya baridi yote ile, ananiambia, "Kefa mdogo wangu, nasikia kama kuna mtu ananiigiza kwa nyuma," mimi nikapandwa na hasira nikamwambia mbele ya wote, "Dada, tusidanganyane, masikio yako yanakufa kama ya mama." Mama alikuwa kiziwi miaka sita ya mwisho wa maisha yake. Dada alivua zile hedifoni, akazifuta kwa kitenge chake, akaniwekea mezani na kwenda zake.

Wimbo wake wakampa Rejoice, binti mmoja wa sauti ya kwanza, wakaenda kuumalizia kwenye studio ya Njombe. Dada akampa Rejoice na kitabu chake cha nota, cha miaka yote. Alikwenda hospitali kupimwa, wakamwambia masikio ni mazima, hakuamini, anasema wamemwonea huruma tu. Haimbi tena, hata jikoni. Barabara kuu ya malori haivuki peke yake, anasimama pale kusubiri mtu wa kuvuka naye kwa kuogopa hatasikia gari, na juzi nimemkuta anamtazama mke wangu mdomoni anapoongea, anajifunza kusoma midomo.

Sasa wiki tatu zilizopita nilijirekodi mwenyewe, nikachelewa vilevile. Nikaacha sikio moja wazi, nikapiga kofi mbele ya maiki, kofi nikalisikia, halafu likaja tena kwenye hedifoni, nyuma kidogo. Nikaazima za waya kwa jirani, kofi likaja palepale. Kumbe hizi zisizo na waya zinachelewesha sauti, ukisikiliza wimbo uliokwisha huwezi kujua, ila ukiimba huku unajisikiliza zinakuangusha. Dada alikuwa anaifuata biti vizuri kabisa, ila biti yenyewe ilikuwa inamfikia kwa kuchelewa.

Nimewaza hivi, niambie kama ni vibaya. Nimwombe mchungaji amwekee mikono na kumwombea, kisha nimwite nimvalishe hedifoni za waya, ataimba sawasawa, ataamini amepona, na mimi sitaaibika, maana kwaya bado wananiita fundi na kazi za harusi nazipata kupitia kwao. Nifanye hivyo, Shangazi, au ninyamaze muda upite?

Kefa, Makambako (majina yote yamebadilishwa)

SHANGAZI IDDA ANAJIBU

Marahaba, Kefa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nikakasirika, na hasira bado ninayo.

Kwamba hukujua, hilo nakupa. Vifaa hivyo vimewadanganya mafundi wengi, si wewe tu. Lakini hedifoni hazikumtaja mama yenu, mwanangu. Maneno hayo yalitoka kinywani mwako. Tena dada yako alikueleza tatizo lilivyo, kwamba kuna mtu anamwigiza kwa nyuma, na wewe fundi hukumsikiliza. Kati yenu wawili, nani alikuwa kiziwi siku ile?

Na huo mpango wako wa maombi, usithubutu. Unataka Mungu akusaidie kuficha hedifoni? Ema atashukuru kwa kuponywa ugonjwa ambao hakuwahi kuugua, atasimama kanisani kutoa ushuhuda, nawe utakuwa umekaa benchi la nyuma unaitikia amina. Siku akikosea wimbo kwa uchovu tu, ataona ugonjwa umemrudia. Mficha maradhi kilio humuumbua, na maradhi hapa ni yako.

Nenda kwake peke yako. Usibebe zawadi. Beba hedifoni zote mbili, kompyuta na maiki. Usianze kumweleza mambo ya mitambo, atadhani unamfariji kama anavyodhani kuhusu wale wa hospitali. Anza hivi: "Dada, masikio yako ni mazima, kosa lilikuwa langu." Kisha mwache apige kofi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asikilize za waya, asikilize na zisizo na waya. Usimwombe aimbe. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka, na kesho yake urudi umsalimie.

Halafu siku ya mazoezi ya kwaya simama mbele ya walewale waliokuwa sebuleni kwako, uwaambie yote, pamoja na lile neno la mama. Harusi zikipungua, zipungue. Wimbo wa Rejoice usiuguse, yeye hakukosa kitu. Na kuanzia sasa mwimbaji wako avae hedifoni za waya, hizo nyingine baki nazo za kusikilizia kazi iliyokwisha.

Sikuahidi kwamba atarudi kuimba. Neno kama lile likishaingia kwa mtu huwa linakaa, hata ukilifuta mbele ya kanisa zima, na huenda kwaya wakazoea kuwa bila yeye. Utaishi nalo hilo. Ila barua yako imechukua siku tisa kunifikia, na siku zote hizo yuko mama mtu mzima hapo Makambako anajiandaa kuwa kiziwi, wakati mdogo wake anayejua kwamba si kiziwi alitafuta bahasha ya kuniandikia mimi, akakaa kusubiri gazeti. Gazeti liweke chini, Kefa. Nenda sasa hivi.