Leshan Hayuko

S.L.P. 318,
Kitengela.
9 Februari 2025

Mpendwa dada Shirleen,

Sopa? Natumaini baridi ya huko Urusi imekuachia afya. Sisi tunapumua, ila mvua imekataa na ng'ombe wetu wa Mashuuru wamekonda. Mama anakusalimu wewe mwanawe. Presha yake imepanda tena.

Asante kwa masomo ya Kirusi uliyonirekodia. Nilikuwa nataka kukufuata chuoni, unajua. Lile la kusema "sina" lilinitesa. Sisi tunasema niko na maziwa, sina maziwa, na neno maziwa lenyewe haliguswi. Wao ni "u menya nyet", kwangu hakuna, halafu kile unachokosa unakibadilisha jina mwishoni: moloko, yaani maziwa, inakuwa moloka. Nilikuwa nikicheka peke yangu jikoni, nikitaja vitu vyote tusivyo navyo.

Sasa sicheki. Kaka yetu Leshan, aliyekuja huko kufanya kazi ya ghala, hapatikani kwa simu tangu Krismasi. Jumanne nilipiga namba ya mwanamke aliyempangisha chumba. Mama alikuwa amesimama kando yangu, ameshika ukuta. Nilitaja jina la Leshan. Yule mwanamke akasema, "Leshana nyet."

Nilisikia ile "a" mwishoni mwa jina lake, nikajua nimeelewa. Lakini ametoka? Amehama? Sikuwa na maneno ya kuuliza. Akaongea mengine mengi, polepole, kama anayebembeleza mtoto, halafu akakata.

Mama aliniuliza amesema nini. Nikamwambia hayuko.

"Hayuko nyumbani, Soipan, ama hayuko?"

Hajaniuliza tena. Anachemsha chai na kusahau majani.

Nimempigia yule mwanamke tena na tena, hashiki. Ajenti aliyempeleka Leshan amefunga ofisi. Baba ameenda Mashuuru kuwaambia wazee, lakini wazee watafanya nini?

Simu yako pia inanikatalia, ndiyo maana Sheryl, anayerudi chuoni kwenu, anakuletea barua hii pamoja na ile namba. Mpigie yule mwanamke, dada. Muulize yale mimi nimeshindwa kuuliza. Ukipata jibu niambie mimi kwanza, kwa Kiswahili, na usinizungushe.

Mdogo wetu Lemayian na nyanya wanakusalimu. Mungu wetu Enkai akufunike kwenye hiyo theluji.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Soipan