Maji ya Bonifasi

Jumatatu, 1 Juni 1964

Jambo, daftari. Habari ya kukaa mu sanduku? Minye ni mzima, namshukuru Mungu. Mguu tu, ule wa siku zote. Na weye panya hawajakugusa, vizuri. Nimerudia kukuandika sababu padri aliyekuwa ananiungamisha amevuka ziwa kwenda Usumbura, na mambo madogo sina tena wa kumwambia.

Asubuhi sala, kisha hesabu, kisha somo la vitu. Leo maji. Nilileta kibuyu, kikombe na sufuria. Kalasi ya kwanza waliimba mpaka jirani za mtaa wa Kasenga wakachungulia: maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Riziki hakuimba la mwisho. Ni binti wa Mama Nabintu, muuza ndagala, visamaki vya ziwa, mtaa wa Kilibula. Yeye akikataa, anakunja mikono kama shangazi kwenye posa.

"Ya kwetu iko na ladha ya samaki, mwalimu."

Nikampa kikombe. Tuone! Ndilo neno langu, tangu inspekta mzungu alipotufundisha kwamba mtoto aone kwanza, aseme nyuma. Wote wanalipenda kuliko mchezo. Tuone! Tuone! Riziki akanywa, akafikiri sana.

"Hii haina. Ya kwetu iko nayo."

Nikacheka, nikamwambia yuko na haki. Kikombe cha kwao kinalala na samaki.

Kalasi imebaki nusu. Wazazi wengine wamepandisha watoto milimani. Vijana wa mapinduzi wamekamata mji na njia zote. Wanatembea na majani kichwani. Siwapendi, siwachukii. Nawaogopa.


Jumatano, 3 Juni

Bonifasi amekuja shuleni.

Alisoma kwangu, kalasi hii hii, benchi ya mbele, mtoto wa maswali. Sasa wanamwita kapiteni. Bunduki, ngozi ya chui kwenye mkono. Wenzake walibaki mlangoni. Yeye alivua majani ya kichwani mbele ya kuingia, kama zamani alivyovua kofia. Hilo lilinigusa.

Alikuja na chupa ya dawa, maji ya munganga wao. Mwenye kunyunyiziwa, risasi ikimfikia inageuka maji. Ila ashike mwiko: asiibe, asigeuke nyuma, na mengine ambayo hakuwaambia watoto. Akawanyunyizia wote, apate kuwalinda. Riziki wa kwanza, sababu alikimbia mbele ya wengine. Watoto walifurahi. Maji yalikuwa baridi, na nje jua kali.

Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, weye ndiye ulitufundisha maji. Uwaambie hawa. Hii iko na nguvu ao haiko?"

Niliangalia bunduki. Nikasema: "Iko."

Neno moja tu. Sikusema tuone. Petro alipomkana Bwana alikuwa anaota moto, baridi ilimshika. Minye hata baridi sikuwa nayo.

Ameniachia chupa kwenye meza. Zawadi, alisema.


Alhamisi, 4 Juni

Naandika mchana. Kalasi tupu.

Wakati wa mapumziko nilikuwa ndani, nasahihisha. Nikasikia wanaimba nje. Tuone! Tuone! Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu kwanza.

Walimsimamisha Riziki kwenye ukuta. Bunduki hawana, wakachukua mawe. Yeye mwenyewe alikubali, alisimama mikono imekunjwa. Alinyunyiziwa wa kwanza, dawa yake ndiyo kali kupita ya wote. La kwanza lilimpita. Lililofuata likaanguka mguuni, akacheka, akasema amesikia limegeuka maji. Kisha likaja la Amisi, mwenzake wa kalasi.

Jicho la kushoto.

Nimembeba mpaka dispansere. Hakulia. Aliniuliza tu njiani: "Mwalimu, mbona haikugeuka?" Nilisema nyamaza, damu itatoka zaidi.


Ijumaa, 5 Juni

Muuguzi wa dispansere, Papa Zakaria, amemfunga kitambaa. Daktari mwenyewe alishakimbia, dawa ya macho hakuna. Anaosha na maji ya chumvi yaliyochemshwa. "Tungoje uvimbe ushuke," anasema. Anasema hivyo juu ya kila kitu.

Mama Nabintu alikuwa amekaa chini, beseni la ndagala kando yake. Nilitaka kusema. Yeye akanitangulia:

"Asanti sana, mwalimu, kwa kumbeba. Mwingine angemwacha pale."

Nikasema si kitu. Nikaondoka.


Jumapili, 7 Juni

Sisi wakatekista ndio tunaongoza sala, mapadri hawako. Nilisoma masomo. Sauti ilitoka vizuri, kila mtu alisema hivyo. Nilijiona kama sanduku lenye rangi nzuri na ndani mende.

Nje ya kanisa Bonifasi alisimama na watu. Habari ilimfikia. Hakukasirikia Amisi. Alisema dawa haikosi, mtu ndiye anakosa. Mtoto amevunja mwiko, basi. Watu wakaitika, eee, ni vile. Mwanamke mmoja akasema tangu zamani Riziki ana kichwa kigumu.

Mama Nabintu aliangalia chini. Kisha akaniangalia minye, kama ningekuwa na neno. Nilikuwa nalo. Nikarekebisha kola.

Mbele yangu wamemgeuza mtoto kuwa mkosaji. Neno langu la Jumatano ndilo fimbo wanayomchapia. Kama dawa iko na nguvu, basi Riziki ni mwizi. Hakuna njia ya katikati.


Jumanne, 9 Juni

Kalasini wanamwita Mvunja-mwiko. Wanaimba na kupiga makofi, wimbo wenyewe mzuri, ndiyo maana hauishi. Niliwanyamazisha na fimbo juu ya meza. Sababu sikuwaambia. Wakanyamaza, wakaendelea nje.

Jioni nilipita kwao Kilibula. Riziki amekaa kizingitini, kitambaa kimeshuka mpaka shavuni. Akaniomba nisogee.

"Mwalimu, nimeikumbuka. Nilikula sukari ya kaka. Ni ile."

"Lini?"

"Noeli."

Sasa ni mwezi wa sita. Amejitafutia dhambi mpaka Noeli, apate kuilinganisha na jicho lake. Na alinipa minye, sababu ni katekista.

Nikamwambia Mungu amemsamehe sukari. Ndivyo nilivyosema. Sukari! Nilitembea mpaka nyumbani kwa njia ya nyuma, nisisalimiane na mtu.


Alhamisi, 11 Juni

Jua lilikuwa halijazama. Bonifasi alikuja nyumbani peke yake, bila majani. Mke wangu alimletea bugali na ndagala. Akakataa: mwiko, hawaruhusiwi kula kilichopikwa na mwanamke. Akaangalia sahani kama mtoto.

Kesho wanapanda uwanda wa Ruzizi, mpaka Sange. Askari wa serikali wanakuja kwa njia ile.

Aliongea mambo ya zamani. Akanikumbusha siku alipouliza kalasini mvua inatoka wapi, na minye nikachemsha sufuria, nikaweka kifuniko, matone yakaanguka. "Siku ile nilikuamini kupita padri," alisema. Tukacheka. Kisha:

"Mwalimu. Nilikuuliza kitu mbele ya watoto. Sasa hawako."

Ndipo nilipoelewa. Hata Jumatano ile hakuwa ananitega. Alikuwa anauliza. Alivua majani, akauliza, kama kwenye benchi ya mbele. Ni minye niliyeona bunduki peke yake, mtoto sikumwona.

Daftari, najua kama unangoja niandike kwamba nilijibu.

Nilisema: "Mungu akulinde, mwanangu."

Akasema asanti. Akaniaga kwa mikono miwili.


Jumamosi, 13 Juni

Wameondoka na malori ya mpunga. Nimelala vizuri. Na hiyo pia ni aibu.


Jumatatu, 15 Juni

Leo nimeanza somo la vitu mbele ya hesabu, nisibadilishe mawazo.

Riziki amerudi. Anakaa nyuma peke yake, hakuna anayetaka benchi moja naye. Nilituma mtu amwite mama yake pia. Alisimama mlangoni na beseni kichwani, hakuingia.

Nilileta papai kutoka kwangu, lililoiva. Nikaliweka juu ya ukuta nje. Nikachukua chupa ya Bonifasi, nikalimiminia yote, mpaka tone la mwisho. Nikawaambia okoteni mawe. Wakaogopa. Amisi alificha mikono nyuma.

Nikasema: tuone. Hakuna aliyeimba.

Nikampa Riziki jiwe la kwanza. Akalenga, akarusha. Likapita mbali, upande wa kushoto. Wenzake wakacheka na yeye akacheka. Minye nikageuka niangalie ziwa kidogo.

Nikamwambia Amisi. Akakataa. Nikamshika mkono, tukarusha pamoja.

Papai likapasuka, mbegu zikamwagika ukutani. Nzi wakaja mbio. Kisha Riziki:

"Mwalimu, papai iliiba nini?"

Wakapasuka kucheka. Mwingine akadakia: "Ilikula sukari!" Na mwingine: "Iligeuka nyuma!" Walicheka mpaka wakakaa chini, Riziki katikati yao. Nikangoja waishe, nikasema yote. Kwamba dawa ni maji. Kwamba maji hayajui mwizi na asiye mwizi. Kwamba Riziki hakuvunja kitu. Kwamba mtu hajaribiwi na jiwe, hata kama ni tuone, na hilo nilipaswa kuwafundisha zamani. Kwamba minye nilijua siku ile na nilidanganya.

Mama Nabintu alitua beseni.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Siku ile yenyewe?"

"Siku ile yenyewe."

"Basi, mwalimu, ungeleta papai siku ile, kabla ya mtoto."

Hakupaza sauti. Akaenda ukutani, akaokota vipande ambavyo havikuguswa na mchanga, akagawia watoto. Chakula hakitupwi. Kipande kimoja alinipa minye. Nilikila. Kilikuwa kitamu, nikaona haya na utamu wake.

Nimesema kweli baada ya mwenye bunduki kuondoka. Nisijisifu.


Ijumaa, 19 Juni

Papa Zakaria amefungua kitambaa. Kwa jicho lile peke yake Riziki anajua kama dirisha liko wazi ao limefungwa. Vidole havioni. Nilipouliza vingapi alisema vitatu, sababu siku zote naonyesha vitatu. Nilikuwa nimeonyesha kimoja.

Sasa anakaa benchi ya mbele. Amisi anakaa naye. Anamsomea ubao kwa sauti, na anakosea mengi, naye anamrekebisha.


Jumapili, 21 Juni

Upepo wa ziwa asubuhi. Sala ilikuwa fupi. Sikusoma masomo leo, nilimpa mwingine, nikakaa na watu.

Upande wa Sange tunasikia mizinga, mbali, kama mtu anayehamisha meza nyumba ya jirani. Watu wanasema soko la huko bado liko. Mama Nabintu anakwenda kesho na ndagala zake, atarudi na mpunga. Nilimfuata nje ya kanisa, nikamsomea karatasi niliyomwandikia Bonifasi, maneno yote, ajue anachobeba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wakinikamata nitasema ni ya kufungia samaki," alisema. Kisha akaitia chini ya beseni. Hakutabasamu, lakini aliichukua.

Nimeiandika hapa pia, nisije nikaikana baadaye.

Bonifasi mwanangu, uko mzima? Hapa tuko. Uliniuliza mara mbili, na mara mbili sikukuambia kweli. Haiko na nguvu. Ni maji, kama yale ya sufuria. Risasi zikilia ulale chini, ujifiche nyuma ya kichuguu, usisimame. Kula chakula cha mwanamke, kitakupa nguvu. Jina langu nimeliandika lote mwisho wa karatasi, wenzako wakiuliza nani amesema, uwaonyeshe. Nakuomba unijibu upesi.