Mikebe ya Bosire

Sigowet,
9 Juni 1996

Kwa ndugu yangu mpendwa Kipruto,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini huko Nakuru uko mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tu wazima, ng'ombe nao pia, ila moyo wangu umechafuka.

Unajua mtambo wa Baba wa kupoza maziwa ndio pekee kwetu Siongiroi. Unamkumbuka na Bosire, yule fundi wa mabati kutoka Kisii. Alianza kutengeneza mikebe ya maziwa, myepesi, yenye kifuniko kisichovuja hata punda akikimbia. Watu wakaipenda. Baba akaazima mmoja, eti auangalie tu, kisha akaleta lori zima la mikebe yake, umbo lile lile ila la bati hafifu, akafungua duka mlangoni pa mtambo. Angeishia hapo ningenyamaza. Biashara ni biashara.

Lakini mikebe yake ilivuja, haikununuliwa. Ndipo akaniagiza mimi, mpokea maziwa, nikatae yoyote yenye harufu ya moshi, akidai ni uchafu wa mikebe ya Bosire. Uchafu gani, Kipruto? Mama zetu hufukiza mkebe kwa makaa ya mti wa senetwet kama wanavyofukiza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, hata awe ameutengeneza nani. Nikawa nawarudisha wajane na maziwa yao, na wanaonunua mikebe kwa Baba naambiwa yao nisiyanuse. Nilijichukia.

Bosire hakugomba. Aliniambia, "Mkebe naweza shindana nao, dada. Lakini mlango ni wa mzee." Sasa anafungasha vyombo vyake arudi kwao.

Sijakuambia bado kwa nini naandika kutoka Sigowet. Jumatatu ulifika mkebe wa nyumbani kwetu, wa duka la Baba, na Mama alikuwa ameufukiza kama kawaida. Niliufungua, nikanusa, nikasema mbele ya foleni yote kwamba una moshi. Nikaurudisha. Baba alisema nichague, yeye au Mkisii wangu. Nilichukua nguo zangu nikaja kwa shangazi Rodah.

Shangazi anakusalimu sana, na Mama alikutumia salamu kabla sijaondoka. Baba naye anatangaza kwamba duka la mikebe amekuwekea wewe ukimaliza masomo. Nijibu upesi kama utalichukua, nijue kama bado nina ndugu.

Ni mimi dada yako,
Chemutai