Wakili Castory Mihambo: Jumamosi ya Kisarawe Ipo Palepale

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache asubuhi ile hapa Tangini, na tuna habari nyingi za kukupa hata hatujui tuanzie wapi. Matangazo ya namna hii huandikwa kwa huzuni, tunajua. Utusamehe. Huzuni tunayo tele, lakini leo furaha imeitangulia mlangoni.

Tuanze na wewe. Tunaikumbuka suti yako ya kijivu na zile raba ulizozivaa chini yake. Ulisema shamba halitembelewi kwa viatu vya ngozi, na kweli hukuwahi kupeleka kesi ya mpaka mahakamani kabla hujautembea mpaka wenyewe kwa miguu, majirani waliogombana wakiwa mmoja kulia kwako na mwingine kushoto. Nyingi ziliishia hukohuko shambani, watu wakapeana mikono, nawe ukarudi nyumbani na mzigo wa miwa. Mama akakuuliza kama shule siku hizi zinapokea miwa kwa karo.

Ulimwita kila mtu mheshimiwa, hadi kuku aliyekataa kuingia bandani. Nyumbani hukumwadhibu mtoto kabla ya kusikiliza upande wa pili, ndiyo maana mwanao Fabian alijifunza mapema kudanganya kwa utaratibu na kuita mashahidi. Kanisani uliimba kwa sauti kubwa na mbovu, na hakuna mwanakwaya aliyethubutu kukwambia, maana karibu wote uliwahi kuwatetea.

Mihambo na Wenzake imekuwepo Kibaha zaidi ya miaka thelathini. Wafugaji na wakulima wa Magindu waliokuwa hawasalimiani walikaa benchi moja ofisini kwako. Watoto wa Dutumi walipata madawati kwa sababu uliwasumbua wenye uwezo wa mji huu mpaka wakawa wanabadilisha njia wakikuona. Hayo watu wanayajua. Lakini moyo wako ulikuwa Kisarawe, kwenye kile chumba kimoja karibu na soko, ambako kila Jumamosi ulikaa kutwa ukiwasikiliza watu bila kuwatoza chochote. Mirathi, mipaka, talaka, mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Ulipolazwa ulimshika mkono Evaline, kifungua mimba wako na wakili mwenzako, ukamwambia, "Kibaha mawakili wapo tele. Kisarawe, Jumamosi usiikose, mwanangu."

Hukutuachia agizo jingine. Na nusura tulivunje.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, na usimcheke sana mwanao.

Siku ya mazishi watani zako Wazaramo walikuja kutoka Kisarawe basi zima. Unawajua. Walilala chini mlangoni jeneza lisipite, wakapiga kelele, "Mnyamwezi kaondoka, mizigo yetu atabeba nani?" Mzee Mwinyimadi, ambaye mlitukanana kwa mapenzi tangu ulipomtetea shamba lake, aliingia chumbani kwako akatoka amevaa joho lako la mahakamani. Akaranda uani akiiga mwendo wako na kukohoa kwako: "Mheshimiwa hakimu, naomba shauri liahirishwe, marehemu hajajiandaa!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Jioni akaondoka na joho lenyewe, kama desturi inavyomruhusu.

Evaline hakucheka. Amekulia shule za bweni, halafu chuo, halafu mahakama za Dar. Utani anaoujua yeye ni ule wa kurushiana maneno njiani. Huu wa msibani alikuwa hajawahi kuuona. Alichokiona ni mtu mzima anamdhihaki baba yake na kuondoka na kitu cha marehemu. Alisubiri joho lirudi. Halikurudi. Msiba ulipotulia akafanya jambo ambalo wakili peke yake angelifanya: alikaa mezani kwako akamwandikia Mzee Mwinyimadi notisi, kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, kwamba alirejeshe joho ndani ya wiki mbili, la sivyo hatua kali za kisheria zitachukuliwa dhidi yake bila taarifa nyingine. Akaigonga muhuri.

Baba, alimpa mtani notisi!

Tangu hapo Kisarawe ikanyamaza. Evaline alikwenda kila Jumamosi, akafungua chumba, akapangusa benchi, akakaa. Watu walipita barabarani wakimsalimia vizuri tu, "Habari za kazi, wakili?" na kuendelea na safari zao. Hakuna aliyeingia. Alijiambia ni kwa sababu yeye ni mwanamke, kisha kwamba umri wake ni mdogo, kisha kwamba kazi yenyewe haiwezi. Akaanza kukonda. Zubeir, mshirika wako, ambaye hajui kuzungusha maneno, alimweleza kwamba mwenye nyumba ameshapata mtu wa kuuza vifaa vya simu anayekitaka chumba kile.

"Nimevumilia kwa heshima ya mzee, Eva," alisema. "Mwisho wa mwezi tukirudishe tu. Ofisi isiyo na watu ni stoo."

Siku hiyo Evaline alifika nyumbani akaketi jikoni na Mama, akalia. "Kaniachia kitu kimoja tu," alisema, "na hicho kimoja kimenishinda." Mama alikuwa anapepeta mchele. Akamuuliza mawili matatu: nani anakuja, nani haji, na Mzee Mwinyimadi anasemaje. Ndipo Evaline akaitaja ile notisi, kwa kupitia tu, kama vile anataja kwamba bili ya maji ameshalipa.

Mama akauweka ungo chini. "Umemfanya nini Mwinyimadi?"

"Nimempa notisi. Joho ni mali ya marehemu, Mama."

"We mtoto! Mtani anapelekewa notisi?"

Halafu Mama akacheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, mpaka mdogo wake Evaline, Stellamaris, akatoka chumbani mbio akidhani kuna jambo. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu tukuzike, na kwa kicheko kile peke yake tungemsamehe Evaline makosa yote. Alipopata pumzi akamweleza. Joho halikuibwa. Mtani alilichukua ili twende tukalikomboe, tutukanwe, tupike, tule pamoja, na msiba umalizike vizuri. Familia isiyokwenda ni kama imesema undugu ule umezikwa pamoja na marehemu. Na anayepeleka notisi? Huyo hata Mama hakumpatia jina.

"Watu wa Kisarawe hawajakukataa," alisema. "Wanadhani wewe ndiye uliyewakataa wao."

Jumamosi iliyofuata ofisi haikufunguliwa. Evaline alivaa raba, akabeba jogoo mkubwa kwapani, tukaongozana sote mpaka kwa Mzee Mwinyimadi. Tulimkuta amekaa kibarazani. Alipomwona Evaline alinyanyuka taratibu akaingia ndani, na mlango akaurudishia. Tukabaki tumesimama uani na jogoo wetu. Evaline anasema aliogopa kuliko siku alipoapishwa uwakili, maana kama mzee asingetoka, basi chumba cha sokoni kilikuwa kimekwenda, na agizo lako limekwenda nacho.

Mlango ukafunguka. Mzee akatoka amevaa joho lako, na nyuma yake ukoo mzima.

"Shikamoo, babu," Evaline akasema, akipiga goti.

"Mahakama haiamkiwi!" Mwinyimadi akanguruma. "Mshtakiwa, simama. Wewe ndiye Mnyamwezi uliyenipa wiki mbili?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Wiki mbili! Babu zako walitoka Tabora mpaka pwani na mizigo kichwani, miezi na miezi, wakifika hapa tunawapa maji. Kuna Mzaramo aliyewahi kuwaambia wana wiki mbili?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hapo damu yako ikaamka, Baba. Evaline alimkabidhi Mama jogoo, akajiweka sawa kama vile yuko mbele ya jaji kweli.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba mahakama ijue kwamba wiki moja ingetosha. Nilimwongezea Mzaramo ya pili kwa huruma tu, maana nilijua ya kwanza ataimalizia ngomani."

Vigelegele! Mwinyimadi alijaribu kukunja uso, ukamshinda, akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Akamtia hatiani papo hapo kwa kosa la kumdharau mtani, akamhukumu kutwanga kisamvu cha ukoo mzima bila kusaidiwa. Evaline akatwanga. Ile mikono iliyozoea kalamu ikatoka malengelenge, na akina mama wakamzunguka wakimkosoa kila alipoinua mchi, mara anapiga kwa woga, mara anakipeleleza kisamvu badala ya kukitwanga. Jogoo akachinjwa. Tukala, tukatukanwa, tukatukana, mpaka mbavu zikatuuma.

Tulipotaka kuaga, mzee alivua joho, akalikung'uta, akamvika Evaline mabegani. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutania.

"Baba yako aliutembea mpaka wa shamba langu akiwa na homa," alisema. "Nimekaa na nguo hii nikisubiri mmoja wenu aje, nimlilie. Mbona mmechelewa hivyo?"

Akalia palepale, Baba, mtu mzima yule, ameshika mikono ya Evaline yenye malengelenge. Evaline naye akalia, nasi nyuma yao. Tulirudi Kibaha wepesi kabisa.

Wiki iliyofuata benchi halikutosha. Watu walikuja na viti vyao! Zubeir alikuwa amekwenda siku hiyo kuhamisha makabati, akajikuta anaandika majina ya wanaosubiri. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Ashura, mjane ambaye shemeji zake walitaka kumtoa kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Miezi yote ile alikuwa akipita mbele ya ofisi na shida yake moyoni. "Ningeingiaje, mwanangu?" alimwambia Evaline. "Wewe na mzee wetu mlikuwa hamjamalizana."

Evaline alikwenda kwake kwa miguu, akaizunguka nyumba ile, akakaa na majirani walioiona ikijengwa, akawapeleka mahakamani wakaseme. Na mwezi uliopita hukumu ilitoka: Bi Ashura abaki kwake. Tumeshinda, Baba! Zubeir ndiye aliyepiga simu, akipayuka mpaka Mama akadhani kuna ajali. Siku ileile alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba akasaini mkataba mpya wa chumba, wa miaka mingi, na yule wa vifaa vya simu akamtafutia mahali pazuri zaidi ng'ambo ya barabara. Siku hizi anatuletea wateja.

Jumapili hii tutakuombea misa, kisha tutarudi nyumbani Tangini kula na kusimuliana habari zako. Watani wanakuja tena, basi zima, na ngoma zao juu. Vitu vyote vya maana tumevificha, isipokuwa Zubeir, ambaye ni mzito kumbeba. Waliokufahamu wa Kibaha na Kisarawe wote wanakaribishwa, na waliowahi kugombania mipaka waketi meza moja, kama ulivyowazoesha.

Tunakukosa sana, Baba. Tunakukosa asubuhi, uliokuwa wakati wako wa kuimba bafuni, na tunakukosa kila tunapogombana, maana hakuna tena wa kusikiliza upande wa pili kwa uvumilivu ule. Asante kwa jina ulilotupa na kwa watu uliotuachia.

Unakumbukwa na mke wako mpendwa Margareth, watoto wako Evaline, Fabian na Stellamaris, wajukuu zako, ndugu zako wote wa Tabora, mshirika wako Zubeir na wafanyakazi wa Mihambo na Wenzake, pamoja na majirani wa Tangini. Haitapita siku tusikukumbuke.

Unakumbukwa pia na mtani wako, Mzee Mwinyimadi wa Kisarawe. Alitutumia ujumbe akidai jina lake litangulie majina yote. Tumeliweka la mwisho kwa makusudi. Asiporidhika aje atushtaki, Jumamosi tupo.