Kuwahi Lawama

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka hata kuvua viatu. Kazini kwa dobi, suti ya mteja imeungua begani, alama ya pasi inaonekana waziwazi. Bosi akauliza nani. Hajamaliza hata kuuliza, nikasema mimi. Akanitazama weee. Akasema suti ilipigwa pasi jana, na jana wewe ulikuwa mapumziko.

Povu, mzee wetu wa kufua, akaguna. Eti huyu binti hata mvua ikinyesha ataomba radhi! Wakacheka. Nami nikacheka. Chapuchapu, mwenzangu wa pasi, hakuinua kichwa. Alikuwa anakunja mashuka.

Jumanne, 4 Machi
Bosi kaniita pembeni. Hakufoka — afadhali angefoka, kufokewa nimezoea. Kasema hajui tena lini namwambia kweli, na watu wanatuachia nguo zao kwa kuaminiana. Nikijitwika tena kosa lisilo langu, nitafute kazi kwingine.

Mgahawani niliondoka hivihivi, kwa sahani walizovunja wengine. Duka la vitambaa vilevile. Nafukuzwa kwa makosa ambayo hata sikuyaona yakifanyika.

Najua tabia hii inakotoka. Utotoni, baba akirudi anauliza nani kafanya hili. Kikombe kimevunjika, redio imeharibika, chochote. Kukiwa kimya, mkanda unaanza na mdogo wangu. Kwa hiyo nikajifunza kuwahi kusema ni mimi. Nilikuwa na miaka minane. Sasa ni mtu mzima, na mdomo bado unawahi. Nauchukia mdomo huu.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wangu kapita jioni. Kapandishwa cheo, ni msimamizi wa ghala sasa. Shati limenyooka, kicheko mpaka kwa jirani. Nikamsimulia ya bosi. Kashangaa kweli. Dada, kwani baba alikuwa anapiga kiasi hicho? Mbona mimi mkanda siukumbuki?

Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Alipoondoka nililia. Uchungu, na hasira, na furaha kidogo pia. Mkanda haukumbuki! Basi kuna kitu nilikifanya vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi, nyumbani, kitanda. Sina la kuandika.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nyuma ya rafu ya nguo safi. Gauni la bibi harusi limeungua, kifuani kabisa. Harusi kesho! Bosi kafunga mlango wa mbele, kauliza nani. Nikang'ata ulimi. Sasa bosi yuko mbele anampigia simu mama wa bibi harusi. Akirudi anataka jibu, la sivyo sote hatuna kazi.

Povu anatazama viatu vyake. Chapuchapu kaja kukaa sakafuni, hapa kando yangu. Ana mtoto mchanga, usiku halali, mchana anasinzia juu ya pasi. Kaninong'oneza: dada, wewe umeshazoea, sema ni wewe, bosi anakupenda.

Nimeshazoea.

Namwonea huruma, sidanganyi. Nimemwambia safari hii sisemi. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Sasa analia kimyakimya, kanishika sketi, vilevile alivyokuwa akinishika mdogo wangu geti likilia, baba anaporudi. Simu imekwisha kule mbele. Nasikia viatu vya bosi. Mkono wa Chapuchapu bado uko kwenye sketi yangu, na sijautoa.