Kijiko cha Mtindi

Rizwan, mkirudi kutoka Lisbon, supu iko kwenye friza. Paka yuko kwa jirani. Mkeo Karima akamchukue mwenyewe. Mimi nimehamia Pickering kwa dada yangu Naheed.

Jana ulisema, "Familia nzima tunakwenda!" Nikafunga begi. Asubuhi hii, mlangoni, nikawalisha mmoja mmoja kijiko cha mtindi na sukari, kama tunavyomlisha kila msafiri tangu tulipokuwa Dodoma. Kisha nikasimama na koti langu mwilini, nikingoja na mimi nilishwe. Karima akanikabidhi chakula cha paka.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika sana. Maua myamwagilie maji.

Mtindi uliobaki msiutafute. Nimejilisha mwenyewe, ndipo nikafunga mlango.

Mama