Waya wa Nepi na Mwezi wa Warusi

Mama Evarista mpendwa, naomba msaada, na usikawie kunijibu gazetini maana Jumapili ya tarehe 20 Julai inakuja na mimi usingizi umenikimbia. Mume wangu Anania ni karani wa simu hapa Mbeya, na tangu Warusi warushe ule mwezi wa kutengenezwa unaozunguka dunia ukilia bip bip hana raha nyingine, alinunua redio kwa Mzungu aliyerudi kwao, akafunga nyaya mbili kwenye mwanzi mrefu, na kila ule mwezi ukipita mimi ndiye ninayesimama uani kuuzungusha mwanzi huku yeye ndani akipiga kelele, “Kushoto, Tuse! Kushoto, nimesema!” na tunaambulia mkwaruzo tu. Sasa baba mkwe, ambaye jina lake silitaji, amemwita mwanawe mwongo mbele ya wazee wa kanisa, na Anania kwa hasira amewaalika wote waje wasikie, na anasema lazima nizungushe mimi, wakati sisi Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe, nikimwona njiani naingia vichakani, na miaka sita ya ndoa hajauona uso wangu. Nikitoka uani nimevunja mwiko, nisipotoka mume wangu anaaibika.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Jumanne Anania akiwa kazini nilisoma saa za ule mwezi kupita kwenye karatasi yake ukutani, nikaanua nepi za mtoto kwenye waya unaotoka paani mpaka kwenye mkaratusi, nikauunganisha na redio, na Mama, nilisikia bip bip safi mwanzo hadi mwisho, nikakaa chini nikalia. Nitamwambiaje mtu aliyehangaika wiki sita kwamba mwanzi wake umeshindwa na waya wa nepi? Naogopa.

Tusekile, Iyunga

Tusekile mwanangu, pole, lakini nakugombeza pia. Unaona mume wako anakwenda kuaibika, na dawa umeificha! Unamlinda nani, mwanzi? Mwambie leo, kabla hajaliona gazeti hili, na baada ya kula, si kabla. Usiseme “umekosea”. Unganisha redio, mwite, nyamaza. Akinuna mwache, njaa itamrudisha.

Na wewe Anania, kama umeliwahi gazeti: mwanzi wa kuzungusha unamfaa mwenye mtu wa kuuzungusha. Wewe una mke, na mke ana mwiko. Marehemu mume wangu alifunga nyaya za simu huku Iringa miaka kumi na minane, na alikuwa akisema waya mrefu uliotulia hauhitaji mtumishi. Chukua huo wa nepi. Uuinue juu zaidi, uufunge kwenye shingo ya chupa ndipo chupa ifungwe mtini, waya usiguse gome. Mvua za radi zikianza, uuchomoe kwenye redio. Na mtafutie mwenzio waya mwingine wa nepi.

Jumapili, Tusekile, kaa jikoni na mtoto, mlango umefungwa. Mwiko umekataza macho, masikio haukuyataja, nawe utasikia kila kitu nyuma ya ukuta. Wazee wakishaduwaa, Anania aseme kwa sauti, “Waya huu ameuchagua mke wangu.” Baba mkwe hajakuona miaka sita, na siku hiyo pia hatakuona. Lakini atarudi kwake Rungwe akijua mwanawe ameoa nani.